Ulimi wa Mzee Mfaume

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, lakini msicheke kwanza. Wapo watu waliofanya kazi miaka thelathini na hawakuharibu kiasi nilichoharibu mimi kwa Ramadhani tatu. Naandika haya katika daftari la hesabu ambalo halina tena hesabu za kufanya, kwa ajili ya Lukasi wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyeshika kijiko changu kwa mpishi aliyepo sasa, na kwa yeyote atakayemfuata. Mshahara sitautaja, maana ulikuwa chakula, na kiliisha siku hiyohiyo. Cheo sikupandishwa. Niliingia mwonjaji, nikatoka mwonjaji.

Kazi yenyewe ni hii. Mpishi wa Wazungu, kama ni Mwislamu, mwezi wa Ramadhani anapika asubuhi, mchana na jioni, na mwenyewe hali. Chakula kinataka kuonjwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alishamwambia Mzee Mfaume kwamba si kosa kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema. Mzee Mfaume alikataa. Mate yake, alisema, yalikuwa yamekaa na mchuzi wa Wazungu miaka mingi, yanajua njia ya kushuka yenyewe. Lakini sababu kubwa ilikuwa watu. Pale Lindi kila mtu alisema kwamba mpishi wa Mzungu hafungi, anafunga mlango wa jiko tu. Waliwasema hivyo wapishi wote, na yeye alisemwa tangu kijana. Kwa hiyo akatafuta ulimi wa mtu mwingine, ulimi usio na haja ya kufunga, ili asiwepo hata mmoja wa kusema amemwona Mfaume na kijiko mdomoni. Mali aliyokuwa nayo ni hiyo: jina la mtu anayefunga. Mengine yote katika jiko lile yalikuwa ya bwana.

Bwana alikuwa wa forodha, na nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya bandari. Mama yangu aliwauzia mayai. Sisi ni Wamakonde wa juu, tulishuka Lindi baba alipopata kazi ya mkonge. Siku moja nilipeleka mayai mimi, na njiani nilikuwa nimevunja mawili, nikayapanga yenye ufa chini. Mzee Mfaume aliyatoa yote, akaweka yale mawili kando, kisha akaniangalia. Nikasema shikamoo, ingawa nilikuwa nimechelewa kidogo.

"Marahaba. Dini yako?"

"Mkatoliki, Mzee."

"Umekula leo?"

"Nimekula."

"Fungua kinywa."

Akakitazama kinywa changu kama mtu anayenunua mbuzi. Alikuwa mtu wa Kiswere, Mmachinga, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka nakshi zake zikabaki kumbukumbu. Tangu siku hiyo aliniita mtani. Nikawa nafika jikoni kila nikitoka shule, na siku za Jumapili nikitoka misa.

Alinifundisha maneno matatu tu: bado, sawa, imezidi. Hakutaka hadithi. Siku ya kwanza niliongeza kwamba mchuzi ule unanikumbusha shangazi yangu, akaninyang'anya kijiko. Mwaka wa kwanza alikuwa akinitazama koo kila nikionja, aone kama nimemeza. Ikawa vizuri, kwa sababu Jumapili ya pili tu alitia chumvi mara mbili. Alikuwa ametia alfajiri alipobandika jogoo, na kufika saa nne, kichwa kinamgonga kwa njaa, akatia tena. Nikasema imezidi. Hakubishana. Alimenya viazi viwili vikubwa, akavitumbukiza, akachota nusu ya supu na kujazia maji. Meza haikujua kitu. Jioni alinipa paja zima la kuku, nikajiona daktari.

Sasa pai. Lukasi, hapa usisinzie. Pai ya kuku ndiyo itakayokuajiri na ndiyo itakayokufukuza. Memsahib, mke wa bwana, aliipenda Jumapili, na kila mgeni aliyeshuka melini alipewa. Kuku wetu wa kienyeji ni mtu mzima, amekimbia sana duniani, kwa hiyo anachemshwa na kipande cha papai bichi mpaka nyama iache mfupa. Unga unachanganywa na siagi ya kopo iliyozamishwa usiku kucha ndani ya mtungi wa maji ili igande. Memsahib alikuwa na kopo la mafuta ya nguruwe pia, akisema kwao ndiyo hufanya kifuniko cha unga kikatike vizuri. Kopo lile lilikaa kabatini miaka yote limeelekea ukutani. Mzee alitumia samli badala yake, na memsahib akawasifia wageni mafuta yale. Unga unasukumwa kwa chupa iliyojazwa maji baridi, haraka, kabla joto la Lindi halijaugeuza uji. Katikati ya bakuli unasimamisha kikombe kidogo cha yai, kama nguzo ya hema, ili kifuniko kisizame. Kujua joko limefikia moto wake, unatia kipande cha karatasi na kuhesabu. Karatasi ikiwa rangi ya chai ya maziwa kabla hujafika thelathini, tayari. Nilitumia daftari langu la maarifa, na mwalimu hakuelewa nilipomweleza kwamba jiografia ya Ulaya imekwenda jokoni.

Msidhani pai ni moja. Ya memsahib ilikuwa na kifuniko juu tu. Mke wa bwana wa misitu alitoka sehemu nyingine ya Uingereza, yeye alitaka unga juu na chini, na akila ya kwetu aliitazama kama mtu aliyepewa nyumba isiyo na sakafu. Masista wa misheni waliifunika kwa viazi vilivyopondwa. Maziwa ya kopo yalipokuwa hayajaletwa Mzee alitia tui jepesi la nazi, akakata utamu wake kwa ndimu, na hiyo, kwa kusema kweli, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, ila haikuruhusiwa kuwa na jina. Binamu yake, mpishi Kilwa, alitia bizari na mayai ya kuchemsha. Mimi nilipomweleza mama, naye akatengeneza yake: unga wa muhogo juu, korosho zilizopondwa ndani pamoja na kuku, ikafunikwa chunguni na makaa juu ya kifuniko. Ilipasuka kama ardhi ya kiangazi. Baba alikula kimya, akauliza kama Wazungu wanalazimishwa.

Juu ya kifuniko Mzee alipamba majani ya unga, manne, yaliyochorwa mishipa kwa kisu. Mwaka wa pili akaniachia kazi hiyo. Niliifanya vizuri mwezi mzima, kisha ikanichosha. Jumapili moja badala ya majani nilitengeneza uso wa bwana, na pua yake, na kiko mdomoni, na kwenye joko pua ikaumuka kuliko nilivyokusudia. Athumani, boi wa mezani, aliipeleka bila kutazama. Wageni walicheka mpaka tukawasikia jikoni. Bwana hakucheka. Memsahib alikuja mwenyewe, mwekundu shingoni, akaniambia kwamba kosa moja tena kutoka kwangu, moja tu, ataniondoa na atamwandikia mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa kuamini barua za namna hiyo. Wakati ule nilikuwa darasa la saba. Mzee Mfaume alisubiri aondoke, akasema pua ilihitaji siagi pungufu.

Hivyo ndivyo tulivyofika Ramadhani ya tatu. Mzee alikuwa hanitazami koo tena. Alikuwa akisema tu "Mtani, onja," huku mgongo wake umenielekea, na akisikia sawa anaendelea. Niliona fahari. Sasa nikikumbuka mgongo ule nalala vibaya.

Siku zile nilikuwa nimeanza kumhurumia, jambo ambalo mtu wa mzaha hapendi lijulikane. Alifunga akiwa na kikohozi. Alisimama mbele ya joko, jua la Lindi juu na moto chini, na mimi pembeni nikimchokoza: nilikuwa nikila muhogo mbele yake na kumwuliza kama ungehitaji chumvi. Yeye alijibu kwamba mbinguni Wamakonde watapewa kazi ya kuni. Nikawaza: siku moja nitafunga naye, kimya, na jua likizama nimwambie. Nilitaka kuona uso wake tu.

Sisi Wakatoliki tukienda kupokea komunyo hatuli tangu usiku wa manane. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa na nusu ya kazi imeshafanyika. Nilitoka misa tumbo tupu, nikapita kwa mama mwuza vitumbua nimeangalia upande mwingine, nikaona naweza kuendelea mpaka magharibi. Nilijisikia mtakatifu wa dini mbili. Sikukumbuka kwamba siku hiyo memsahib alikuwa na wageni wanane wa chakula cha mchana, na kwamba nina kazi.

Nilikumbuka niliposikia "Mtani, onja."

Alikuwa ameinama jokoni, anachochea. Jogoo alikuwa ameshachambuliwa, supu imekuwa nzito na nyeupe, karoti ndani. Nilichota. Nikainua kijiko mpaka kwenye mdomo, harufu ikanipiga mpaka tumboni. Nilikuwa na maneno matatu ya kazi, na la nne, "nimefunga", lingeharibu zawadi yangu saa saba nzima kabla ya wakati wake. Nikamwaga kijiko kwenye majivu.

"Sawa, Mzee."

Akamimina kwenye bakuli, akasimamisha kikombe cha yai, akafunika. Niliweka majani manne, mazuri kuliko yote niliyowahi kuweka.

Alikuwa ametia chumvi mara mbili.

Athumani alirudi na sahani nane, kila moja pai imemegwa kipande kimoja tu. Nyuma yake akaja memsahib. Hakupiga kelele. Alichovya kijiko katika supu iliyobaki sufuriani, akakunja uso, na macho yake yakaja kwangu moja kwa moja, kama nzi anavyojua kidonda kiliko. Akauliza kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Nani naonja hii? Huyu?"

Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua, ingawa mimi si wa wallahi.

"Mimi, memsahib," alisema Mzee Mfaume. "Nilionja mimi mwenyewe."

Memsahib akamtazama, kisha hasira yote ikamtoka, akaanza kucheka. Mpishi wake, ambaye miaka yote hakugusa hata maji mwezi huu, leo ameshindwa na pai! Alicheka kwa upole kabisa, akampigapiga begani, akasema si kitu, wageni watakula nyama ya kopo. Tukamsikia akiwasimulia mezani, na meza ikicheka naye. Huyo mama hakuwa na ubaya wowote siku hiyo. Hakujua alichokuwa amekibeba mkononi.

Athumani alijua. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani zake, naye amefunga, midomo imemkauka. Alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akasema polepole, "Kumbe Mmakonde alikuwa pazia," akatoka.

Tulibaki wawili. Mzee alianza kusugua bakuli. Mimi nilikaa juu ya gogo la kuni mpaka jua lilipokaribia kuzama, kisha nikamwambia yote, maneno yakitoka kichwa chini miguu juu. Nilidhani atanipiga. Ningelipa ili anipige.

"Ulifunga," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Nilitaka nikuambie magharibi."

Kutoka chini mjini ukasikika mwadhini. Alitoa tende tatu kwenye leso, akanipa mbili, akanisogezea maji.

"Basi fungua. Saumu yako leo ni nzuri kuliko yangu. Mimi nimesema uwongo mchana wa Ramadhani."

Nilimwambia nitakwenda sasa hivi kwa Athumani, nitakwenda msikitini, nitasimama mlangoni. Akanikataza, na alinikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. Nikisema, habari itamrudia memsahib kabla ya kesho kupitia kwa Athumani yuleyule, na barua itakwenda kwa mwalimu mkuu, na uwongo wake utakuwa umepotea bure. Nimalize darasa la nane kwanza. Nikifaulu, nikishashika karatasi mkononi, niseme nitakalo. Akanitaka niape. Nikaapa kwa msalaba, yeye akitikisa kichwa kuonyesha kwamba kwake unatosha.

Jirani zake walikuwa wakifuturu pamoja barazani, kila nyumba na sahani yake juu ya mkeka. Mke wake, Bi Somoe, alikuwa na mkono wa kupika tambi watu wakazigombania. Siku ya pili yake nilikuwa nimesimama ng'ambo ya njia. Mzee alifika na sahani, akatoa salamu, wakaitika wote vizuri. Mmoja akamwambia, kwa sauti ya utani kabisa, "Karibu, Mfaume, ingawa wewe si umeshakula?" Wakacheka kidogo. Akaketi. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyesogea. Lakini wakati wa kuondoka niliiona sahani ya Bi Somoe ikirudi nyumbani, tambi zimelala kama zilivyopangwa. Ikawa hivyo siku ya tatu na ya nne. Baadaye Mzee akawa anafuturu chumbani, nyuma ya jiko, na Bi Somoe akapika kiasi cha watu wawili.

Kila Ijumaa Mzee alikuwa akimpa Athumani mkono kama kawaida. Mimi niliendelea kuonja, na kila mara nikimeza kwa nguvu ili asikie. Sikuchora pua za watu tena. Memsahib alisema nimekuwa kijana mzuri sana.

Mzee Mfaume alikufa wakati mikorosho inaanza kuangusha, kikohozi kilipomshuka kifuani. Nilipata habari shuleni mchana, nikakimbia, nikawakuta makaburini alasiri. Nilisimama nyuma, kofia mkononi, sijui hata kama ilipasa kuivua. Yule mwalimu wa chuo akawauliza watu, kama inavyoulizwa kwa kila maiti, huyu marehemu wanamjua vipi. Wakajibu: mtu mwema. Wanamjibia hivyo kila mtu. Lakini nina masikio, na kazi yangu ilikuwa kupima: "mtu mwema" ile ilikuwa pungufu. Wengine walitazama chini, na Athumani alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa bado wiki tatu mtihani. Nilikuwa nimeapa, na nilikuwa naogopa, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonifunga mdomo. Wakati wa kusema ulipita ukiwa na urefu wa pumzi moja, kisha wakaanza kurudisha udongo.

Nilifaulu. Nakwenda darasa la tisa mwezi ujao, mbali na hapa. Siku majina yalipotoka sikwenda kwanza kwa mama. Nilikwenda kwa Athumani, nikamkuta anapiga pasi mashati ya bwana. Nilimwambia tangu misa mpaka tende. Hakuinua kichwa mpaka harufu ya kitambaa ikampa habari ya pasi.

"Alijua ni mimi niliyesema?"

"Alijua."

"Na wewe ulikuwepo tulipomzika."

Alilitazama shati lenye alama ya kahawia mgongoni, akalikunja ndani nje, kana kwamba bwana asingeligundua.

Lukasi, hapa ndipo ushauri wangu wote ulipo, mengine ni mapambo. Ukiwa umefunga, sema umefunga. Ukiwa umeshiba huwezi kuonja, sema. Usimpe mtu neno "sawa" ambalo halijapita kwenye ulimi wako, hata kama nia yako ni nzuri kiasi cha kukuliza mwenyewe.

Athumani aliahidi kuyasema msikitini, naye ni mtu wa kutimiza, hilo nalisema. Ijumaa iliyofuata nilikaa nje ya msikiti, kwenye kivuli cha ukuta. Sala ilipokwisha nilimsikia akisimama na kuwaambia wote: Mfaume hakuonja, alikuwa akimfichia kijana, na yeye Athumani ndiye aliyeeneza. Alisema bila kujipunguzia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilidhani watu watalia, au watamgeukia, au watatoka kunitafuta, na nilikuwa tayari kupatikana. Mzee mmoja akasema, Mungu amrehemu, na wengine wakasema amina. Kisha wakatoka, wakawa wanatafuta makubadhi yao mlangoni, mmoja akilalamika kwamba ya kwake yamechukuliwa tena.

Nilikwenda kwa Bi Somoe. Alikuwa amepewa chumba na mpwa wake, anafungasha vyombo kurudi Kiswere, na mimi nilitaka asiondoke bila kusikia. Nilimweleza kwamba yamesemwa, mbele ya watu wote, yote.

Alikuwa akizifunga sahani moja moja kwenye kanga. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Wakasema nini?"

"Wamesema Mungu amrehemu."

Akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Hayo walishayasema siku ya maziko, baba," alisema. "Nishikie upande huo."